Fundi Anayekohoa Mlangoni

Bibi yangu wa gazetini, shikamoo. Nakuomba msaada, na tafadhali usinicheke kwanza. Ni fundi cherehani, nina mke na binti wa miaka minne, na tangu mwezi uliopita namfuata Mwalimu mmoja anayefundisha watu kujitambua, tunakaa sebuleni kwake tumefumba macho, na sharti lake ni kwamba kwa siku arobaini usitamke wala kuandika lile neno la herufi nne ambalo kila mtu hujibu akibisha hodi na kuulizwa "Nani?", maana utajitajaje na hujijui, wala usiseme jina lako wala "baba", hizo ni nguo tu tulizovikwa, na ukiteleza mara moja unaanza upya. Basi kazini nikaweza, mteja alileta suruali ambayo zipu imeshonwa juu chini, akauliza nani kafanya hivi, nikanyamaza, fundi mwenzangu akaifumua yeye, lakini nyumbani mke wangu hafungui bila kuuliza, na akiuliza nakohoa, na siku ya thelathini na tatu, mchana, yeye anaoga, aliyeuliza ni binti yangu, nikakohoa, akauliza tena, nikakohoa, mtoto akapiga kelele "Mwizi!" na jirani akanichapa fagio kabla hajanitambua. Mke wangu kaenda kwa mama yake na mtoto, kaniambia, "Ukishajijua, njoo ubishe hodi huku, ukiulizwa ujibu kama watu." Nasikia binti yangu sasa mlango ukigongwa anaingia uvunguni. Zimebaki siku tatu. Mwalimu anasema huo ndio mtihani. Yeye mwenyewe nilimsikia akilitamka neno hilo mlangoni kwa jirani yake, nilipomtazama akasema yeye anaruhusiwa. Bibi, niende sasa au nisubiri nijitambue?

Fundi

Marahaba. Nimecheka, halafu nikafika kwa mtoto, nikaacha.

Mimi darasa la tatu sikulimaliza, barua yako nimeisoma kwa kidole, mara mbili, na neno lenyewe sikuliona hata mahali pamoja. Hongera. Kutaka kujijua si kosa, mwanangu. Kuinamia cherehani kutwa kunachosha kichwa, ukatafuta pa kunyamaza. Nakuelewa. Ila usinifanye mjinga: kwenye zipu ulinyamaza kwa sababu ilikufaa. Na huyo Mwalimu anasema "Mimi", anafunguliwa, anakaribishwa kiti. Wewe unakula fagio.

Eti majina ni nguo. Na wewe ni fundi! Nani anabisha hodi kwa watu akiwa uchi?

Marehemu mume wangu alibisha hodi kwangu miaka thelathini na moja. "Nani?" "Mimi." Basi. Kwa "mimi" hiyo moja nilijua kama kalewa, kama kafukuzwa kazi, kama kanunua kitu cha kijinga. Siku aliyoisema polepole mno, nilifungua mlango mikono nimeshainyoosha kumdaka. Hakujijua yule hata kidogo. Nilimjua mimi, tukatosha.

Sasa sikiliza. Asubuhi mwambie mwenzako zipu ilikuwa yako. Mchana nenda kwa mama mkwe wako, usisubiri siku tatu. Bisha hodi, na uombe aulize mtoto, hata akiulizia huko huko uvunguni. Akiuliza "Nani?", sema "Mimi." Usikohoe. Kukiwa kimya, sema tena.

Wewe ni nani utaambiwa na yeye, tena kwa kelele.