Mguu Uliofika Baada Yako

Ko. Ko. Ni mwaka mmoja sasa tangu tuukose mlio huo gizani, Fundi wetu. Ulikuwa mguu wa mti uliojichongea mwenyewe kwa masalia ya fremu ya mlango, ukigonga sakafu taratibu ulipokwenda kumfunika shuka binti yako.

Ulirudi kutoka vitani na mguu mmoja na utani wako wote. Ulimtaka fundi viatu, uliyepigana naye vitani naye akapoteza mguu, akung'arishie kwa nusu bei maana kiatu ni kimoja. Uliendelea kutengeneza milango ya watu, na jioni ulibaki na mtoto ili mimi niende darasani. "Nenda, mama mtoto," ulisema. "Mmoja wetu ajue kuongea na hao wa ofisini."

Serikali ilikuahidi mguu wa bandia. Ukapigwa danadana: njoo kesho, daktari hayupo, faili liko kwa bosi. Huku nyumbani mguu wa mti ukakuchubua, kidonda kikaoza, ukatutoka. Wanasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Wewe ilikumaliza.

Mwezi uliopita wakapiga simu. Mguu wako uko tayari.

Mama yako alikaa chini. Kisha akasema, "Apewe mwenzake." Kweli, fundi viatu bado yuko kwenye magongo, na mtaalamu wa viungo bandia alituambia utarekebishwa umtoshe. Tukaenda na fundi viatu hadi dirisha la ofisi ya serikali.

"Mwenyewe aje asaini," karani akasema.

"Mwenyewe tulishamzika."

"Pole sana, dada. Lakini utaratibu unamtaka yeye."

"Basi mpigie simu," fundi viatu akamwambia. "Akipokea, mimi natoka hapa mbio, mguu sitaki tena."

Karani hakucheka. Akasema turudi wiki ijayo.

Tumerudi, tukarudi tena. Tumechoka na viti vile, tumechoka na pole zao. Ila wewe hukuwahi kuacha mlango wa mtu nusu, nasi hili hatuliachi. Naamini watatoa.

Hatutakusahau kamwe, Fundi. Tunakukumbuka mama yako mzazi, mimi mkeo, wadogo zako, fundi viatu wako, na binti yako, ambaye juzi alisimama kwa ncha za vidole, akashika ukingo wa dirisha la karani, akasema kwa sauti:

"Baba amekufa, mpeni rafiki yake mguu."