Eedo, Marti Bado Anatikisa Kichwa

Eedo,

Kesho, shangazi yangu, naondoka Garissa. Nakwenda Sangailu kwa Abti Yusuf, kaka yake marehemu mama, na sijui nitarudi lini. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndicho nilichofundishwa kukiandika shuleni. Lugha yetu hakuna mwalimu aliyeipandisha ubaoni. Najua hukuweza kusoma hata jina lako. Asubuhi nitapita kaburini nikusomee kwa Kisomali, polepole, na anayetaka kuniita mwendawazimu aniite. Wewe walikuita hivyo miaka mingi na ukala ukashiba.

Habari unayoitaka kwanza ni hii: Marti yu hai. Bado anatikisa kichwa kama mtu anayekataa posa, bado anaanguka ubavuni akitaka kujikuna, na bado anaamka na kutazama huku na huku kana kwamba ardhi ndiyo iliyokosea. Miguu ya nyuma imezidi kulegea. Nyingine zote ni habari za watu, na watu wako unawajua.

Ulipozikwa, mdogo wako, Adeer Shuriye, alikaa siku zote za matanga kwenye mkeka wa mbele akipokea pole. Alijipangusa macho makavu kwa leso mpya ya dukani kwake. Akawaambia wageni, "Dada yangu alikuwa na huruma hata kwa wanyama wasio na faida." Mimi nilikuwa namimina chai. Mungu ndiye aliyeushika mkono wangu, maana goti lake lilikuwa karibu sana na birika. Huyu Shuriye! Aliyepita sokoni akiwaambia wateja wako kwamba maziwa yako yana mate ya mbwa!

Nakumbuka vizuri jinsi Marti alivyokuja. Ulikuwa mwaka ule bendera ilipobadilishwa, na yule Mzungu tuliyemwita Bwana Mifugo alikuwa akifunga mizigo. Nilikuwa nimekaa nawe sokoni nyuma ya vibuyu vya maziwa. Alikuja akimburuta mbwa mchanga kwa kamba, jike wa rangi ya mchanga, na kila hatua mbili mbwa anaanguka. Alitueleza kwa Kiswahili chake cha ofisini kwamba ubongo wa huyu mbwa uliharibika kabla hajazaliwa, hakuna dawa, hatapona na wala ugonjwa wenyewe hautamuua. Alitaka kumpiga risasi, mkewe akalia. Basi umshikie tu, akifika Nairobi atatuma gari.

Nilikukanyaga mguu chini ya meza ukatae. Ukamwuliza, "Na vikombe vyako umeviacha?" Hakuelewa. Ulikuwa umeona mtumishi wake akivifunga vikombe vya chai kwenye majani makavu, kimoja kimoja, visivunjike njiani. Ukaipokea kamba, ukanigeukia na kusema kwa Kisomali, "Mtu akikuonyesha alivyo mdogo, usimsaidie kuonekana mkubwa kwa kugombana naye." Gari halikuja. Ukamwita mbwa Marti, yaani mgeni, kwa sababu ulisema ni wa kushikiliwa tu, mwenyewe atafuata. Nadhani hata wakati ule ulijua hakuna mwenyewe.

Eedo, mimi sikumpenda. Nilikuwa msichana wa shule na nilitaka tuonekane watu. Lakini nilikuwa nakutazama. Ulimchimbia shimo mchangani ukalitumbukiza bakuli lake humo lisipinduke. Ulimsimikia vijiti pande mbili, ajiegemeze wakati wa kula, maana kichwa kikikaribia chakula ndipo kilipotikisika zaidi. Akipata tonge moja, mbili zimeruka. Ulikuwa ukichuchumaa pembeni na kumwambia, "Taratibu. Hakuna anayekufukuza." Mimi sijawahi kuambiwa hivyo nikila.

Akikulamba, uliosha mkono mara saba, moja kwa udongo, kama sheria inavyosema. Vyombo vyake vilikaa mbali na vya maziwa, upande mwingine kabisa wa boma. Wote waliona. Walipita makusudi kuona, wakaona, wakaenda kusema hawakuona. Wanawake wa jirani, wale uliowakopesha maziwa watoto wao walipokuwa wagonjwa, wakaanza kuvuka kwenda upande wa pili wa soko. Shuriye akaja na uso wa msikitini: "Dada, malaika hawaingii nyumba yenye mbwa." Ukamjibu bila kuacha kutikisa kibuyu, "Mbwa analala nje. Malaika apite mlangoni. Ninayehofia atamfukuza malaika ni wewe, unayelala ndani ya nyumba."

Nilicheka mpaka nikaenda kujificha. Hakurudi mwezi mzima. Ulikuwa mwezi mtamu.

Kisha vita vikafika mpaka mlangoni kwetu, vile ambavyo serikali iliviita vya shifta. Wanaume walioingia msituni walisema wanapigania nchi yetu sisi Wasomali, na askari walisema wanapigania nchi yao, na ngamia wako, waliokuwa hawapiganii nchi yoyote, walichukuliwa wote pamoja na wa majirani. Maziwa yakaisha. Wewe uliyekuwa ukinuka moshi wa vibuyu ukaanza kunuka vumbi kama sisi wengine. Askari wakatuhamisha tukakaa ndani ya kijiji kilichozungushiwa seng'enge na miiba, tukatoka kwa ruhusa na kurudi kwa ruhusa. Njiani kwenda huko ulimbeba Marti mgongoni kwa shuka, kama mtoto, mbele ya kila mtu, na ute wake ukikushuka shingoni. Ulipofika ukaomba maji na udongo, ukajiosha mara saba. Watu wenye kiu walikutukana. Hao siwadharau. Walikuwa na kiu.

Ninayemdharau ni yule aliyenyoosha kidole.

Siku ile koplo alipoingia na askari wake kuua mbwa, alitangaza kwamba mbwa wanabweka na kuwaonya watu wa msituni doria inapotoka. Waliwapiga mbwa wote wazima. Yule mbwa mweusi wa wachunga mbuzi, aliyekuwa akifukuza fisi peke yake, alipigwa akiwa amesimama mbele ya zizi. Marti alikuwa nyuma ya kibanda chetu, na kwa kuwa hajui kubweka vizuri, wangepita tu. Shuriye akasema, "Afande, kuna mwingine hapa. Huyu ana kichaa." Alikufanyia hivyo wewe, dada yake wa tumbo moja, Eedo. Kwa ajili ya nini? Wala hakupewa kitu. Alitaka tu askari amwone kuwa mtu mwema.

Koplo akaja. Ukakaa chini mbele ya Marti, ukajifunga shuka vizuri kama mtu anayejiandaa kuswali. Marti alisikia harufu ya wageni, akajaribu kusimama, akaanguka juu ya miguu yako, kichwa kikitikisika. Koplo akauliza, "Hii mbwa nakataa nini?" Askari wake wakacheka. Ukamwambia kwa Kiswahili chako cha sokoni, "Hakatai kitu. Ni mgonjwa wa kichwa tangu tumboni. Kama nataka kubiga, biga. Lakini biga mbele yangu, sitaondoka."

Wakacheka tena, safari hii kwa ajili ya ulimi wako. Niliwatazama meno yao. Nilifikiri sasa ndiyo basi. Koplo akausukuma unyayo wa Marti kwa ncha ya buti, Marti akaanguka upande mwingine, na yule mtu akatema mate. "Hii si mbwa. Risasi yangu haiwezi kuharibika hapa." Wakaenda zao.

Nilikuwa nalia. Wewe hukulia. Ulimpangusa Marti mchanga machoni, ukasema, "Umesikia? Wamemdharau, wakamwacha. Mwenye akili hushukuru hata dharau." Kisha ukamwinulia macho Shuriye, aliyekuwa bado amesimama pale na kidole chake. Ulimtazama tu kuanzia kofia mpaka kandambili, na kurudi juu. Nimejaribu kutazama watu hivyo tangu siku ile. Sijaweza.

Kikohozi kilianza na mvua. Vibanda vilivuja, na blanketi moja ulikuwa umelitandika nje chini ya Marti, nami nikagombana nawe, nikalileta ndani, ukalitoa tena. Sitaki kuandika siku za mwisho. Ulikuwa mwepesi. Nilipokugeuza nilihisi... basi. Uliniambia, "Usiache ale peke yake, atapoteza chakula." Nilidhani ungesema jambo kuhusu mimi. Baadaye nikaelewa kwamba ulikuwa ukinipa mtu wa kukaa naye.

Sasa vita vinasemekana kwisha. Wakubwa wamepeana mikono mbali na hapa, na sisi tumeruhusiwa kurudi mjini. Wachungaji wanaotoka Takaba wanasema huko nako ni hivyo hivyo, mazizi matupu na watu wakitazamana. Shuriye amefungua duka lake tena. Ana redio. Anawauzia askari sigara na kuwaita ndugu.

Na alinitafutia mume. Nakuapia, Eedo, ungependa kumwona. Karani, mwenye kalamu mbili mfukoni, moja haina wino. Alikuja na mashangazi zake nyumbani kwa Adeer, nilikokuwa nakaa, akamwona Marti amejilaza kivulini, akasema, "Mbwa mzima ningeelewa, wa kulinda. Huyu ni takataka. Atolewe kabla ya nikaha." Mashangazi wakaitikia kwa vichwa. Adeer akanitazama kwa macho ya kuniambia nisimwaibishe.

Nikamwambia karani, "Huyu hawezi kusimama sawa kwa sababu ya maradhi. Wewe umezuiwa na nini?"

Shangazi mmoja akasema, "Subhanallah." Adeer alinifukuza jioni ile ile. Alisema nitazeeka na mbwa wako, na hakuna mlango wa ukoo wake utakaofunguliwa. Nikachukua nguo zangu, bakuli la Marti na kibuyu chako kimoja nilichokificha, nikalala kwa mwalimu wangu wa zamani. Nikapeleka salamu kwa Abti Yusuf. Alijibu kwamba ana ng'ombe wachache waliosalia, anahitaji mtu wa kukamua, na kwamba mbwa atakaa upande wa zizi, mradi nioshe mikono. Hakuuliza mbwa ana faida gani. Nilirudia ujumbe wake kichwani mara nyingi nikitafuta swali hilo, halimo.

Dereva wa lori amekataa kumpakia Marti kwa sababu ataanguka-anguka juu ya magunia. Nimesuka tenga la makuti ya mkoma, nimelifunga nguo pande zote, na dereva amekubali asafiri ndani yake mapajani mwangu. Abiria watasonya. Waache wasonye mpaka Ijara.

Eedo, nakuaga. Mungu akupanulie ulipo, akupe kivuli, na maziwa yasiyokatika. Sikuahidi kuwasamehe watu wako. Hilo ukitaka mwombe Mungu mwenyewe, uko karibu Naye zaidi. Ninachokuahidi ni kidogo. Chakula cha Marti kitatangulia changu, nami nitachuchumaa pembeni mpaka amalize. Na akitokea mtu wa kumcheka, nitamjibu kwa ulimi wako, kwa sababu wangu bado haujakolea.

Mtoto wa kaka yako, uliyemlea,
Sahra