Mwanamke Aliyenitangulia Langoni

Kwako Bibi Mshauri,

Baada ya salamu unisamehe mwandiko, kwa maana naandikia juu ya goti, mtoto amelala mgongoni na meza sina. Mimi nilisoma hadi darasa la nne kwa misheni, kwa hivyo Kiswahili changu ni cha kuungaunga, lakini neno nililo nalo siwezi kumwambia mtu wa hapa, ndiyo sababu nakusumbua wewe usiyenijua.

Nina miaka ishirini na minne, niko katika kijiji kimoja cha hii Hali ya Hatari, upande wa Karurumo, vile vijiji vilivyozungushiwa handaki na miti iliyochongwa, mnavijua. Mume wangu Njeru alichukuliwa mwaka wa hamsini na nne nikiwa na mimba ya miezi mitano, na mimba hiyo nikachimba nayo handaki, na nilipojifungua mtoto wetu Rwamba nywele zangu zikaanza kutoka kwa mafungu, nikichana zinabaki mkononi, na zilipoota tena zikaota nyeupe, si mvi moja moja, ni nyeupe kichwa kizima kama pamba. Watu walishangaa siku chache wakachoka, maana kila nyumba ilikuwa na yake, na mlinzi wa langoni anayeitwa Ngari akanipa jina la Cucu, yaani nyanya, akawa kila asubuhi tukitoka kwenda shamba ananiambia pita cucu, usianguke, na mimi nacheka, nikazoea. Mtoto naye tangu azaliwe hajaniona na nywele nyingine.

Sasa mwezi uliopita ikaja barua kwamba Njeru ameletwa kambi ya karibu na ataachiliwa mwisho wa mwezi ujao, bora tu hedimani wetu, mkuu wa kijiji, Bundi, aweke sahihi kwamba kijiji kinampokea. Nilifurahi mpaka nikakaa chini, halafu nikashika kichwa. Njeru aliacha msichana wa nywele nyeusi, alipenda kukaa nyuma yangu nikizisuka akinichokoza kwamba nimekosea mstari, na sasa atashuka kwa lori akute nyanya amebeba mtoto.

Kuna mama mmoja Msomali, Faadumo, mke wa Kullow mwenye lori linalotuletea unga na chumvi kutoka Meru mjini kila Jumanne, naye huuza vitu vya wanawake hapo nyuma ya lori, sindano, shanga, poda, na rangi za nywele za namna mbili. Ile ya boksi inaitwa Sultani nilishaiona kwa mke wa karani, akisimama juani kichwa kinakuwa kijani kama shingo ya bata, hiyo sikutaka. Ya pili iko kwa mkebe, inaitwa Malkia, ina picha ya mwanamke anayetazama kando kwa jicho moja. Faadumo mwenyewe hupaka hina, nywele zake zina rangi ya udongo wa barabara, na nilipomuuliza mbona hapaki Malkia alinijibu neno ambalo nililipuuza na sasa halinitoki.

"Hina inakaa na mvi, zinaishi pamoja," akasema. "Malkia inaifukuza. Sasa ikifukuzwa inakwenda wapi, mimi sijui. Mimi nauza tu, dada, sipaki."

Nilipaka siku hiyo hiyo mchana, mama mkwe akiwa shamba. Inanuka wino na yai lililooza na inawasha nyuma ya masikio, lakini kwa weusi sitaisingizia, ilikolea mpaka ikameta. Mtoto akaamka akanitazama. Sikutegemea alichofanya, maana mtoto wa miaka mitatu asipomjua mtu nilidhani atalia, lakini hakulia, alinizunguka kama unavyozunguka kiti, akaenda mlangoni akasimama akitazama nje. Tangu hapo haniiti mama. Ananiita wewe. Nikimpa uji anakunywa nusu, nusu anaipeleka na kikombe mlangoni, anaiweka chini kwenye jua, na nilipomuuliza ni ya nani akasema ni ya mama.

Nikamuuliza mama gani.

"Mama. Amesimama hapo," akasema. "Hajaitwa."

Hapo mlangoni palikuwa na jua tupu na kuku mmoja.

Siku mbili baadaye tulitoka kwenda shamba tukahesabiwa wanawake arobaini, na saa kumi tukarudi tumeinama na mizigo, mimi nikiwa karibu na mwisho, na nilipofika langoni Ngari akanyoosha mkono akaniambia nisimchezee, cucu ameshapita na kuni na yeye amemsalimu. Nikamwambia ni mimi, nimepaka rangi tu, nitaingiaje mara mbili. Akatazama kipande changu cha kitambulisho, akatazama kichwa changu, na kile kicheko chake kikaisha polepole.

"Basi nilimsalimu nani?" akaniuliza.

Walihesabu tena tukiwa tumepiga magoti, ikawa walioingia langoni ni arobaini na mmoja, na tuliopo uwanjani ni arobaini. Nilipofika nyumbani nikakuta nyuma ya nyumba mzigo wa kuni, na siku hiyo mimi nilikuwa nimebeba viazi. Bibi Mshauri, mimi hutumia mkono wa kushoto, na kamba yangu naifunga kwa kuizungusha upande ambao wenzangu huucheka, na ule mzigo ulifungwa hivyo. Niliogopa kuugusa. Mama mkwe yeye aliufungua akapika nao githeri, akasema kuni ni kuni, na nywele nyeupe si ugonjwa, na mimi nimejitafutia.

Ikawa hivyo Jumamosi, ikawa hivyo tena Jumatatu. Bundi akaitisha kijiji chote, akasema yeye hajui habari za mizimu, huyo ni mtu wa msituni aliyevaa nguo za kike, na mimi nimejipaka weusi makusudi ili mwingine apite chini ya kichwa changu cheupe. Nyumba zote zikapekuliwa wakitafuta kikongwe, watu wakawa wananitazama halafu wanatazama paa, kama nimemficha huko. Akasema siku ya kuweka sahihi atasimama langoni mwenyewe, wanawake wote watoke na wote warudi, na hesabu ikizidi hata mmoja mashamba yatafungwa na ile karatasi ataichana. "Njeru akae huko huko," akasema, "maana mke wake ana wageni."

Tangu siku hiyo sitoki, mama mkwe anakwenda shamba na mgongo wake mbovu, na hesabu inakaa sawa. Lakini mimi nikibaki ndani yule naye habanduki mlangoni, uji unapelekwa kila siku, na kikombe nikikiokota ni kitupu na hakuna mahali palipomwagika.

Nimeosha kwa sabuni, kwa magadi, kwa majivu, Malkia haitoki. Weupe umeanza kuchomoza chini kwenye ngozi, kama urefu wa punje ya mahindi. Nikaona ninyoe tu kichwa chote, tuwe sawa mimi na yeye, asiwe mweupe nisiwe mweusi, nikashika wembe. Mama mkwe aliunyakua mpaka akajikata kidole. Akaniambia kwetu mke hunyoa mumewe akifa. "Ukiweka wembe hapo," akasema, "umemzika mwanangu akiwa njiani." Na hilo naliamini, sitaki kusema uongo, hata misheni haikulitoa ndani yangu.

Basi nisaidie. Nikinyoa nimemuua Njeru, nisiponyoa hesabu itazidi na hatarudi. Na hata akirudi, yeye anamjua mwenye nywele nyeusi, mtoto wake anamjua mwenye nyeupe, sasa mke wa nyumba hii ni nani? Na tafadhali usiniambie ni uchovu. Nimechoka, hiyo najua, sijalala usingizi wa kutosha tangu mwaka wa hamsini na nne, lakini uchovu haufungi kuni.

Barua hii Faadumo ataiposti Meru, na jibu ataniletea, gazeti likiwa limefunga sukari.

Ni mimi,
Mama Rwamba


MSHAURI ANAJIBU

Mama Rwamba, majina nimeyabadilisha yote, hata hilo nililokuitia. Mahali nimepaacha palivyo, kwa kuwa vijiji vyenu vimefanana.

Umenikataza kusema ni uchovu, sisemi. Nitasema tu kwamba mlinzi aliyesalimu kichwa cheupe miaka mitatu, kila siku, mbele ya wanawake waliofunikwa na mizigo, mkono wake unaweza kusalimu peke yake na hesabu yake ikaongezeka. Ningefurahi kuishia hapo. Lakini zile kuni sina la kusema juu yake. Nimeisoma barua yako mara tatu nikimtafuta mwingine wa mkono wa kushoto katika kijiji hicho, na hukumtaja.

Sasa nikugombeze. Zile nywele zilichimba handaki pamoja nawe. Zilikesha na mtoto, zilibeba kuni, zilivumilia utani wa Ngari. Ukasikia mgeni anakuja ukazitoa nje ukafunga mlango. Hata mbwa aliyelinda boma miaka mitatu hafukuzwi siku ya wageni, mama. Unashangaa nini mtoto akipeleka uji nje? Amekwenda kumlisha aliyemlea.

Malkia naijua. Niliipaka kwa arusi ya dada yangu, masikio yakatoka maji wiki mbili na watu wakaniuliza kama nimefiwa. Sultani umeieleza vizuri kunishinda. Mimi si padre, sikatazi mtu kujipamba. Poda paka, shanga vaa, hina ikikufaa muulize Faadumo, maana yeye ndiye aliyekuambia kweli ingawa alikuwa na mali ya kuuza. Chochote kinachokaa nawe, kaa nacho. Chochote kinachomfukuza mwenye kichwa, usikichukue hata ukipewa bure.

Na huyo Njeru, unafikiri anarudi na kichwa alichoondoka nacho? Nimewaona waliorudi. Wengine mama zao huwauliza jina kabla ya kuwapa kiti. Huenda sasa hivi yuko huko anajiangalia kwenye maji ya karai, anaogopa wewe utamtafuta yule kijana wa zamani. Umwonee huruma. Usimfanye ajione yeye peke yake ndiye aliyezeeka.

Mama mkwe wako ana haki kuhusu wembe. Msikilize, na umfunge hicho kidole. Ila wembe ni wembe na mkasi ni mkasi. Anayenyoa hufika kwenye ngozi, hapo ndipo kilio kilipo. Azima mkasi kwa fundi wa nguo. Saa sita mchana, jua likiwa juu, ukae kwenye kizingiti pale pale mtoto anapoweka kikombe, umpakate, na mama mkwe akate kila kilicho cheusi. Aache ile punje ya mahindi iliyochomoza. Ni fupi, lakini ni yako, na ngozi haijaguswa, na hakuna aliyeliliwa. Zile nyeusi usizitupe njiani. Zirudishe kwenye mkebe pamoja na yule mwanamke wa jicho moja, uzifukie shambani, mbali na mlango.

Mtoto akileta uji, usimuulize ni wa nani. Pokea kikombe ukiwa umekaa hapo hapo kwenye kizingiti, unywe wewe. Unywe wote. Usibakishe hata tone kwa heshima.

Kisha uingie ndani. Hakuna mtu wa kuitwa tena.

Siku ya sahihi usifunge kitambaa. Toka na wenzako, na jioni usibaki nyuma na mzigo kama ulivyozoea, hata ukirudi na kiondo kitupu. Mbele yako asitangulie mtu. Ngari akikuita cucu, mwitikie kwa sauti, Bundi asikie na walio nyuma wasikie. Siku ya lori ufanye vivyo hivyo, wa kwanza, mtoto mkononi, kichwa wazi.

Na ukisikia mtu anatua kuni nyuma yako, taratibu, kama mtu aliyechoka sana, usigeuke. Mwambie mlinzi aanze kuhesabu kutoka kwako.