Nilivyomlisha Bingwa wa Utepe

Mdogo wangu Candiru,

Nakusalimu katika Yesu. Mguu wako iko namna gani? Mimi iko mzima hapa Koboko, napikia yule mama wa Bulgaria anayefundisha wasichana wa kanisa kucheza jimnastiki na utepe. Zamani alikuwa bingwa wa dunia, na miaka yote ya ubingwa makocha walimkataza kushiba, basi sahani zangu zilikuwa zinarudi zimejaa. Nikaomba Mungu sana ili ale.

Jana nikashika utepe nijaribu. Ukanifunga miguu, nikaanguka na makalio. Wasichana wakapiga kelele, "Mama, pointi sifuri!" Bingwa akacheka mpaka machozi. "Hata mimi nilianza hivyo," akasema, kisha akala enyasa yote, ule ugali wetu wa muhogo, akaomba ingine.

Kumbe Mungu alikuwa anangoja makalio yangu! Naandika nikiwa nimekaa upande moja. Akulinde, na unijibu upesi.

Dada yako