Timazi, Fundi Uliyezibomoa Kuta Zako Mwenyewe

Ni mwaka mmoja sasa, mume wangu, tangu niliposikia kwa mara ya mwisho mwiko wako wa kujengea ukigonga kizingiti kabla hakujapambazuka. Wajukuu walipokuwa bado kwetu, ulikuwa ukiukung'uta saruji ya jana taratibu, usiwaamshe. Waliamka hivyo hivyo.

Watu walikuita Timazi, ile kamba ya fundi ya kupimia wima, kwa jinsi kuta zako zilivyonyooka. Mgodi wa urani ulipofungwa, uliacha kilima cha mawe nyuma ya mtaa wetu. Mawe mazuri, ya bure, na huku jangwani tuna mchanga na udongo tu. Ukayajengea nyumba kumi na moja za majirani, na kwetu chumba cha wajukuu. Nani angejua?

Wakaja wapimaji na kifaa chao. Kila kilipokaribia ukuta wako kikatetea kama kuku anayetaka kutaga. Wakasema mawe yana sumu isiyoonekana wala kunuka. Wakaandika, wakaondoka.

Wewe ulichukua nyundo ukaenda kwa jirani yetu, Mama Pacha.

"Shemeji, ukuta huu nimekujengea vibaya. Naomba niuvunje."

"Vibaya? Mbona umenyooka kuliko mume wangu!"

"Umenyooka, ila unawala wanao."

Ukabomoa, ukajenga upya kwa tofali za udongo, nyumba baada ya nyumba, huku unakohoa. Hukumdai mtu kitu. Chumba chetu cha wajukuu ukakiacha mwisho. Nilikununia, nakiri. Binti yetu alikuwa amewachukua watoto, akasema hawatarudi mpaka ukuta ule uondoke. Ukaniambia, "Wetu wamepata pa kwenda, mke wangu. Wa jirani bado wanalala mle."

Nyumba ya kumi na moja uliimaliza Jumatano. Ijumaa kifua kikakataa.

Chumba chetu wamekijenga majirani, kila nyumba imeleta tofali zake. Ukuta umeinama kidogo upande wa dirisha. Ungeuona ungeshika kichwa. Lakini wapimaji walirudi, na kuku wao akanyamaza. Wiki iliyopita wajukuu walilala humo, na alfajiri yule mdogo alichukua mwiko wako akagonga kizingiti. Niliamka nikitaka kukuwekea chai.

Hatutakusahau kamwe: mimi mkeo, binti yetu na mumewe, wajukuu wako watatu, na nyumba zote kumi na moja.

Mama Pacha ananiagiza niandike na lake: "Mwambie Timazi aje tena kututembelea, hata ndotoni. Ila nyundo aiache huko huko."