Aabo na Chapa ya Ngamia Wetu

Balambala,
Kaunti ya Garissa.
14 Februari 2025

Mpendwa kaka Kadar,

Assalaam aleikum. Hujambo huko kwenye baridi? Wifi Nimo na mtoto hawajambo? Sisi ni wazima, alhamdulillahi, tunalalamikia joto tu. Nakuandikia kwa Kiswahili makusudi. Ujumbe wako wa mwisho ulikuwa na makosa kumi na moja, na mimi bado ni mwalimu.

Sasa kaa chini. Baba anaona! Aabo wetu anaona!

Unajua alivyotupiga chenga tusijue kwamba haoni. Picha ya binti yako ilipofika, aliitazama akasema, "Huyu ni mimi mtupu." Kumbe simu ameishika kichwa chini!

Mambo yaliharibika mtoni. Aabo alikuwa akiwatambua ngamia kwa mlio wa kengele zao za mti, na jirani yetu Diriye akanunua kengele inayolia kama yetu. Aabo akamkamua ngamia wa Diriye siku mbili. Diriye alicheka mpaka akaketi. Aabo alilaumu kengele.

Nikamburuta hadi Garissa mjini kwa Daktari Amran, bingwa wa upasuaji wa macho. Amesomea kazi hiyo miaka kumi na mitatu, lakini Aabo aliposikia sauti yake ya kisichana akang'aka, "Wallahi, mimi mzima. Kisu sitaki."

Daktari hakubishana. Wagonjwa wasiosoma herufi huwachorea chapa za ngamia. Alikuwa ameniuliza yetu mlangoni, akaichora kubwa kama sahani. Aabo akakodoa macho.

"Hiyo siijui. Ni ya watu wa Tarbaj."

"Adeer, hiyo ni yako," daktari akamwambia, akimwita ami kwa heshima.

Nililia, kaka, sikufichi. Aabo akasema, "Basi, lete kisu."

Ilikuwa mtoto wa jicho. Nilidhani jicho hung'olewa likaoshwa. Wapi! Daktari alipasua tundu dogo kuliko punje ya mtama, akatoa lenzi iliyoingia ukungu, akaweka mpya, bila kushona. Dakika ishirini tu! Aabo sasa anamsifu kila aendako, utadhani ndiye aliyemsomesha.

Bandeji ilipotoka, neno lake la kwanza lilikuwa, "Fowsiya, umezeeka." La pili, "Lete simu." Akaitazama picha ile muda mrefu.

"Huyu si mimi," akasema. "Ana macho ya mama yenu, Allah amrehemu."

Akalia. Nikamkemea asiloweshe jicho jipya, huku nami nikilia.

Nisalimie Nimo sana. Diriye anakusalimu, kengele ameshabadilisha. Mola awalinde nyote.

Jicho la pili litapasuliwa mwezi ujao. Aabo anasema hilo si la picha, ni la kumwona mtoto mwenyewe. Basi njooni.

Dada yako anayekupenda hata kwa makosa kumi na moja,

Fowsiya