Ndege wa Kuungua

Mlango wa kijani,
Juu ya karakana ya baiskeli.
Jumapili, tarehe 8.

Mdogo wangu, ndege wa mpwa wako anapanda jukwaani mbele ya watu mia sita, na wanamchoma moto!

Haya, sasa tusalimiane. Mpendwa ndugu yangu, hujambo? Wifi je, mgongo umemwachia? Sisi wazima, ila presha yangu inapanda na kushuka kama lifti, na sababu nimeshakutajia.

Ulisema Sindano anajiharibia macho kwa kushona nguo za maigizo, bora aje akupangie mafaili. Basi ofisi yako haijawahi kuona kitu kama hiki. Ndege huyo kamshona mwenyewe kwa vitambaa: mbawa zinaziba jukwaa zima, na watu wanne wanaingia tumboni kumtembeza. Mtoto hakubahatisha, alisoma kwanza. Kumbe kila taifa lina ndege wake wa hadithi! Yupo anayenyakua ndovu kama mwewe na kifaranga, yupo ambaye akipiga mbawa radi inalia, na yupo huyu wa moto, anayeungua kiotani kisha anainuka kwenye majivu akiwa mpya. Huyo ndiye wa mchezo. Sindano kampa kucha za yule wa ndovu, na uso, usicheke, kampa wangu mimi. Pua hii hii ya baba yetu.

Kifua ni koti la marehemu shemeji yako. Ndiyo, lile uliloliomba msibani nikakunyima.

Mimi nilidhani ataungua kwa taa na moshi tu, maigizo. Siku ya mazoezi nikamfuata meneja wa ukumbi.

"Mama, hadithi ndiyo inavyotaka," akanijibu. "Lazima aungue kweli."

"Na atakayefufuka?"

"Ah, yule tumemwagiza ng'ambo. Ana taa mpaka kwenye kucha."

"Kwa hiyo wa mwanangu ni wa kuungua, wa ng'ambo ndiye wa kufufuka?"

Akacheka! Sindano akanivuta mkono: "Mama, tafadhali, nisije nikafukuzwa." Na kibiriti wamempa yeye, maana ndiye anayejua pa kuwasha bila kuwaunguza watu. Akasema sawa. Amerudi nyumbani akala, akaosha vyombo, hakusema neno. Mdogo wangu, mtoto huyu hanyamazi hata akiumwa jino.

Sasa nisikilize. Siku alipohitimu ushonaji mlifika watu wanakunja viti, mkapiga picha na mlinzi. Nikameza. Safari hii simezi. Ndege wake anatoka mwanzoni, usiku mmoja tu, basi. Mkichelewa mtamkuta yule wa ng'ambo anawaka taa, mtampigia makofi, halafu mtanipa mkono mniambie mwanao ni fundi. Hilo sitakusamehe mpaka naingia kaburini.

Nisalimie wifi, nisalimie wanangu wote, na yule kitinda mimba mwambie shangazi yake kamwekea kiti cha mbele. Mungu awafungulie njia, gari lisiwazimikie.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata nikiwa nimenuna,

Mama Sindano

Viti nimeshavishika, safu nzima. Jumamosi hii tarehe 14, saa kumi na mbili jioni muwe mmekaa. Nyote.